Nimepata mara moja na kukosa mara mbili: nitajuaje kama nina busara ya kuongoza biashara?

Swali: «Ninaendesha duka la vifaa vya ujenzi Morogoro mjini, huu ni mwaka wa 8, na nina wafanyakazi 9. Miaka mitatu iliyopita nilinunua shehena kubwa ya mabati kwa kuhisi tu kwamba bei ingepanda. Ikapanda, nikapata faida ambayo sijawahi kuipata tena. Kwa faida hiyo nilifungua tawi Ifakara, likafa baada ya miezi 14. Kisha nikampa mkandarasi mmoja saruji na nondo zilizonigharimu shilingi milioni 9 kwa mali kauli, naye hadi leo anasema anasubiri kulipwa na aliyempa kazi. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyenipa mtaji wa kwanza, anasema sina busara ya biashara na kwamba yale mabati yalikuwa bahati. Mke wangu anasema tatizo langu ni woga, kwamba ningevumilia, Ifakara ingelipa. Sasa nataka kufungua Dodoma kwa mkopo wa benki, dhamana ikiwa nyumba tunayoishi, lakini kila nikikaribia kuamua nasita na usingizi unapotea. Wafanyakazi nao wananiuliza kila jambo, hata punguzo la shilingi mia tano. Je, busara ya kuongoza biashara mtu huzaliwa nayo au hujifunza? Nikasome shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara? Na Dodoma niende au nisiende?»

Jibu: Ndugu msomaji, umeuliza maswali matatu, lakini nikiisoma barua yako kwa utulivu naona hofu moja iliyoyazaa yote. Umeacha kukiamini kipimo chako mwenyewe. Kaka yako amekupa hukumu moja, mke wako amekupa nyingine, nawe upo katikati huna cha kuwajibu, kwa sababu ushahidi pekee mlionao wote watatu ni matokeo: mabati yalilipa, Ifakara haikulipa, mkandarasi hajalipa. Ningependa kukuonyesha kwamba ushahidi huo, peke yake, hautoshi kumhukumu mtu yeyote, na kwamba upo ushahidi bora zaidi ambao hujaanza kuukusanya.

Tuanze na mabati, kwa sababu hapo ndipo ninapodhani ulijifunza jambo lisilo sahihi. Dereva akilipita lori kwenye kona za mlima Kitonga bila kuona mbele, kisha akafika Iringa salama, abiria wenye akili hawatasema kwamba ana busara ya barabarani. Watashukuru Mungu, na safari ijayo watapanda basi jingine. Ununuzi wako wa mabati nao upimwe hivyo hivyo, kwa kuangalia ulichokijua siku ile na ulichokiweka hatarini. Jiulize: uliweka sehemu gani ya mtaji wa mzunguko katika mzigo ule? Kama bei ingeshuka au ingebaki palepale kwa miezi sita, ungeweza kulipa mishahara, kodi ya pango na wauzaji wako wa jumla? Je, ulikuwa na habari yoyote kuhusu bei, kama vile kauli ya msambazaji, kupungua kwa shehena sokoni au kubadilika kwa thamani ya shilingi dhidi ya dola, au ilikuwa hisia tupu? Kama uliweka robo ya mtaji ukiwa na sababu mbili tatu za msingi, ulifanya uamuzi mzuri ukapata na matokeo mazuri. Kama uliweka karibu wote kwa hisia tu, uamuzi ulikuwa mbaya na bahati ndiyo iliyokuokoa, na hapo kaka yako amesema kweli. Lakini kaka yako hajui, nami sijui, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Ifakara ni hivyo hivyo kwa upande wa pili. Uamuzi mzuri unaweza kuzaa hasara. Mtu anayefungua tawi baada ya kupima soko, kwa fedha anazoweza kuzipoteza bila duka mama kuyumba, akafunga alipoona hesabu zinakataa, huyo amefanya kazi ya uongozi ipasavyo, hata kama majirani wanamcheka. Kwa hiyo sikubaliani na kaka yako anapohesabu kufa kwa tawi kuwa ushahidi wa kukosa busara, na sikubaliani na mke wako anapodhani kwamba kulifunga ni ushahidi wa woga. Wote wawili wanausoma mwisho wa hadithi na kurudi nao mwanzo.

Kosa hilo si la familia yako tu, ni la binadamu wote, na limechunguzwa kwa muda mrefu. Kabla ya Rais Richard Nixon wa Marekani kwenda China na Urusi ya Kisovieti mwaka 1972, watafiti wawili, Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, waliwauliza wanafunzi wakadirie uwezekano wa matukio mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Baada ya ziara wakawaomba wakumbuke makadirio yao wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1975 yalionyesha kwamba kumbukumbu ilikuwa imebadilika bila wenyewe kujua: jambo lililotokea, wengi walikumbuka kwamba walilipatia uwezekano mkubwa kuliko ule waliouandika mwanzoni. Hawakuwa wanadanganya. Akili ikishajua mwisho, huyarekebisha mambo ya mwanzo yafanane nao. Ndiyo maana leo unakumbuka kwamba «ulihisi» mabati yangepanda, na pengine unakumbuka pia kwamba tangu mwanzo ulikuwa na wasiwasi kuhusu yule mkandarasi. Huenda ni kweli. Huenda pia siku ile ulikuwa na uhakika kamili kwamba atalipa, na wasiwasi umeingia baadaye.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Busara ya biashara hujifunza, ingawa watu hawaanzi wote mahali pamoja. Kuna waliokulia nyuma ya kaunta ya duka la baba na wamebeba mazoezi ya miaka ambayo mwingine hana. Ila uzoefu peke yake haufundishi. Kinachofundisha ni uzoefu unaorudisha jibu lililo wazi kwa mtu anayekumbuka kwa usahihi alichokitegemea. Ukikosa kimojawapo, miaka 8 inaweza kukuongezea kujiamini bila kukuongezea busara.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, ambao kwa miaka mingi walikuwa na mitazamo inayopingana kuhusu thamani ya hisia ya mtaalamu, walikaa pamoja na mwaka 2009 wakachapisha makala ya pamoja. Walikubaliana kwamba hisia ya mtu mzoefu inastahili kuaminiwa pale ambapo masharti mawili yametimia: mazingira yawe na utaratibu unaojirudia, na mtu awe amepata nafasi ya kutosha ya kujifunza utaratibu huo kwa kupata majibu ya haraka na yaliyo wazi. Mkuu wa kikosi cha zimamoto anaweza kuhisi kwamba sakafu inakaribia kuanguka, na mara nyingi yuko sahihi. Mtu anayetabiri bei za hisa kwa muda mrefu anaweza kuhisi kwa nguvu ile ile, na hisia yake isiwe na thamani.

Hebu tulipime duka lako kwa masharti hayo. Unajua, bila kufungua daftari, mzunguko wa misumari ya inchi nne, rangi ipi itaisha kabla ya Idi na Krismasi, fundi gani akisema «nakuja kesho» atakuja, na mteja gani anauliza bei tu. Mambo haya umeyaona maelfu ya mara na jibu lake umelipata siku ile ile au wiki ile ile. Hapo iamini hisia yako, na usimruhusu mtu akufanye uitilie shaka. Kufungua tawi, hata hivyo, umewahi kufanya mara moja. Kukisia bei ya mabati kwa mzigo mkubwa, mara moja. Kumkopesha mkandarasi mamilioni, pengine mara chache. Katika mambo haya huna uzoefu wa miaka 8. Una uzoefu wa tukio moja moja, na jibu lake huchelewa miezi mingi na huja limechanganyika na mvua, siasa, bei za mafuta na bahati. Kujiamini ulikojengewa na misumari hakuwezi kukusaidia kuamua kuhusu tawi, ingawa ndani ya kifua hisia hizo mbili zinafanana kabisa.

Dawa ninayowapa wafanyabiashara wengi ni rahisi hadi wengine huidharau: daftari la maamuzi, tofauti na daftari la mauzo na lile la madeni. Kila unapofanya uamuzi wenye uzito, andika siku hiyo hiyo, kabla ya kujua mwisho, umeamua nini, kwa sababu gani, unategemea nini kitokee na ifikapo lini, una uhakika kiasi gani, na ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba umekosea. Mfano: «Tarehe 3 Machi. Nimempa fundi wa Kihonda mifuko 40 ya saruji kwa mali kauli. Nategemea alipe yote kabla ya tarehe 5 Aprili, kwa sababu mwenye nyumba anajenga kwa fedha zake na amekwisha lipa awamu ya kwanza. Uhakika wangu ni 8 kwa 10.» Basi, mistari minne inatosha. Usiandike «nadhani atalipa», kwa sababu sentensi hiyo haiwezi kukosea. Hata akilipa baada ya mwaka utasema ulisema kweli.

Ukishakuwa na maandishi kama 30 hivi, kaa chini uyapange. Chukua yale yote uliyoyapa uhakika wa 8 kwa 10. Kama takriban 8 katika kila 10 yametimia, kipimo chako kiko sawa, hata kama kuna mawili yaliyokuuma. Kama ni 5 tu, umejua jambo ambalo kaka yako hawezi kukuambia: kwamba unapokuwa na uhakika sana kuhusu watu wa aina fulani, unapaswa kupunguza. Na huenda ukagundua kinyume chake, kwamba unahofu mno pale ambapo hakuna sababu. Mtu anayejua kwamba hukosea kwa kuwaamini mno mafundi anaowafahamu kanisani au msikitini ana ujuzi ambao hakuna kozi inayouza.

Nikuombe sasa tulitazame deni la mkandarasi kwa undani, kwa kuwa ndilo lenye mafunzo mengi zaidi kuliko hata Ifakara. Kwanza hesabu. Tuseme faida yako ghafi ni asilimia 10 ya bei ya mauzo. Bidhaa zilizokugharimu milioni 9 zikipotea, unahitaji kuuza bidhaa za milioni 90 ili faida ghafi irudishe kile kilichopotea, na hapo hujalipa mshahara, pango wala umeme. Kabla ya kutoa mali kauli, swali la kwanza ni kiasi gani cha mauzo kitahitajika kufidia akikimbia, na hilo huja kabla ya kuuliza kama ni mtu mwema.

Pili, tazama nani hasa uliyemkopesha. Mkandarasi anakwambia anasubiri kulipwa na aliyempa kazi. Basi kwa kweli hukumkopesha yeye. Ulimkopesha huyo mwenye kazi ambaye humjui, ambaye hujawahi kukaa naye mezani, ambaye hajui kwamba upo, na ulimkopesha bila riba. Uaminifu wa mkandarasi haukuwa na nguvu ya kuharakisha malipo hayo hata siku moja. Wewe ulipima tabia, wakati hatari ilikuwa katika mpangilio wa malipo. Kosa hili ni la kawaida sana kwa watu waungwana, kwa sababu kuuliza «nani anakulipa, kwa awamu zipi, na cheti cha awamu ya kwanza kiko wapi?» kunaonekana kama kumdhania mtu vibaya. Si hivyo. Benki ingemuuliza maswali hayo hayo na asingenuna.

Tatu, na hili linaniuma kidogo kwa niaba yako: jibu ulikuwa nalo dukani. Una daftari la madeni la miaka 8. Kabla ya kutoa ule mzigo, ungeweza kuhesabu ni wakandarasi wangapi waliochukua bidhaa wakisubiri kulipwa na mtu mwingine, na wangapi kati yao walilipa kwa wakati. Idadi hiyo, hata ikiwa ndogo, ina uzito kuliko sura ya mtu aliyesimama mbele ya kaunta. Tunapoamua, macho yetu huvutwa na hadithi ya huyu mmoja tuliye naye, na tunasahau kundi analotoka. Anza na kundi, kisha ndipo umfikirie huyu mmoja, umwongezee au umpunguzie kwa sababu unazoweza kuzitaja.

Kuhusu wafanyakazi wanaokuuliza hata punguzo la mia tano, usilichukulie jambo hilo kama usumbufu mdogo tu. Kiongozi anayeamua mambo mia kwa siku hufika jioni akiwa hana nguvu ya lile moja lililostahili akili yake yote. Zaidi ya hapo, watu wanaouliza kila kitu wamefundishwa kuuliza, mara nyingi na bosi aliyewahi kumfokea mmoja wao mbele ya wateja kwa kuamua vibaya. Weka mipaka kwa maandishi: muuzaji anaweza kutoa punguzo hadi kiasi fulani kwa kila bidhaa bila kuuliza, msimamizi wa stoo anaweza kuagiza bidhaa za kawaida zikifika kiwango fulani, na mali kauli juu ya kiasi fulani hakuna mtu anayeitoa peke yake, hata wewe mwenyewe. Mtu akiamua ndani ya mipaka na ikawa hasara, muulize alichokijua wakati ule, usimuulize kwa nini alikosea. Ukianza na kwa nini, utapata visingizio, na mwezi ujao hutaletewa habari mbaya kabisa.

Na habari mbaya ndiyo chakula cha busara. Katika maduka yetu, kama ilivyo katika ofisi zetu, mdogo hampingi mkubwa hadharani. Atasema «sawa bosi» kisha atamwambia rafiki yake kwamba jambo hili halitafika mbali. Klein, niliyemtaja juu, mwaka 2007 alieleza njia moja ambayo nimeona inaendana vizuri na heshima zetu. Kabla ya uamuzi mkubwa, waite watu wako wachache na uwaambie: «Tuchukulie mwaka umepita, tulifungua Dodoma, na tawi limekufa kabisa. Kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila jina, limekufaje.» Hapo mfanyakazi hapingi mpango wa bosi, anaeleza tu jambo ambalo sote tumekubali kuchukulia kwamba limetokea. Msimamizi wako wa stoo ataandika mambo ambayo hangeyasema hata kwa kiapo. Zisome karatasi zote, na wewe uzungumze mwisho.

Shahada ya uzamili nitaipitia haraka. Ni kitu kizuri, na una bahati ya kuishi mkoa ulio na Chuo Kikuu Mzumbe, chenye historia ndefu ya kufundisha usimamizi. Itakufundisha kusoma taarifa za fedha, masoko na sheria, nayo yatakufaa. Haitakupa busara ya kuamua kuhusu Dodoma, kwa sababu darasani hakuna fedha yako iliyo hatarini. Kama lengo lako ni kuondoa hofu, usilipe ada kwa sababu hiyo. Kama bado huwezi kusoma mwenendo wa fedha taslimu wa duka lako, anza na kozi fupi ya uhasibu, ni nafuu na haraka zaidi.

Sasa Dodoma. Sababu za kwenda zipo, na si za kufikirika: tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko, ujenzi wa ofisi, nyumba na barabara umeongezeka, na treni ya kisasa iliyoanza safari zake mwaka 2024 imekurahisishia wewe kwenda na kurudi. Lakini sababu hizo anazijua kila mtu. Washindani wako wanazijua, wenye fremu wanazijua na wamezipandishia kodi. Kipya ulichonacho wewe ni kipi? Shehena nyingi kutoka Dar es Salaam hupita Morogoro kabla ya kufika Dodoma, takriban kilomita 260 mbele. Hapo ulipo, umbali unakufanyia kazi. Ukihamia kule utalipia usafiri ule ule wanaolipa wenzako waliokutangulia, ambao tayari wana mafundi wao, wateja wao na majina yao. Swali la pili ni gumu zaidi: Ifakara ilikufa kwa nini? Ilikuwa msimamizi, mahali, bidhaa zisizofaa, mtaji mdogo, au wateja waliokuwa na fedha baada ya mavuno ya mpunga tu? Usiponipa jibu lenye tarakimu, basi Dodoma ni Ifakara nyingine yenye fedha nyingi zaidi.

Tunao mfano wa kanda yetu. Nakumatt, kampuni ya Kenya ya maduka makubwa, ilifikisha matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, ikiwa imelemewa na madeni ya wauzaji, wenye majengo na benki, na Januari 2020 wadai walipiga kura ivunjwe. Leo ni rahisi kusema ilijitanua mno. Ilipokuwa ikifungua matawi, wengi waliisifu. Ninalotaka ulione ni utaratibu wenyewe. Mauzo huonekana kwa macho, mlango umejaa watu. Deni halionekani mlangoni. Na kila tawi jipya hula fedha taslimu kabla ya kuzirudisha: unajaza rafu, unalipa pango la miezi mingi mbele, msambazaji anataka chake ndani ya siku 30, mkandarasi anakulipa baada ya siku 90, na zile siku 60 za katikati unazigharimia wewe. Duka linaweza kukua na kufa kwa wakati mmoja.

Mfano mwingine unatufundisha jinsi ya kusogea bila kujimaliza. M-Pesa, kabla ya Safaricom kuizindua Kenya Machi 2007, ilijaribiwa kwanza kwa kiwango kidogo kuanzia 2005, na lengo la awali lilikuwa kuwasaidia watu kupokea na kurejesha mikopo midogo. Katika jaribio, watumiaji walianza kutumiana fedha wao kwa wao. Wahusika waliliona hilo, wakabadilisha mpango, na wazo la kutuma fedha nyumbani ndilo lililobeba uzinduzi. Jaribio lilikuwa dogo kiasi cha kuruhusu makosa, na watu walikuwa tayari kusikia kile ambacho halikukusudiwa kuwaambia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiweke nyumba dhamana sasa, na usiache Dodoma. Ijaribu. Tafuta wateja watatu au wanne wa Dodoma, wapelekee mzigo wa oda kutoka Morogoro kwa fedha taslimu. Ukiona wanarudi, kodi stoo ndogo kwa mkataba mfupi, ukiwa na aina chache za bidhaa, na jaribio lipitie angalau sehemu ya msimu wa mvua, ambao kule huanza kama Desemba na kuishia Aprili, usije ukapima soko kwa miezi ya kiangazi pekee. Kabla ya kuanza, andika kiasi cha juu unachokubali kupoteza na tarehe ya kuamua, kisha mwonyeshe mke wako na kaka yako. Hilo litamaliza ubishi wenu kuhusu uvumilivu: mke wako yuko sahihi kwamba biashara mpya inahitaji muda, ila muda usio na mpaka hauwezi kutofautishwa na ukaidi, na fedha zilizokwisha kuzama Ifakara zisingeweza kuwa sababu ya kuzamisha nyingine. Kusubiri kuna gharama yake pia, sikufichi. Fremu nzuri zinaweza kuchukuliwa, na huenda baada ya mwaka ukajutia. Hata hivyo, fremu hutafutwa nyingine. Nyumba ya watoto wako ikipigwa mnada hairudi. Maamuzi yanayorudishika yafanye upesi, na usisite. Yasiyorudishika ndiyo yanayostahili kukukosesha usingizi kidogo.

Kidogo tu, lakini. Kama usingizi umepotea kwa wiki kadhaa mfululizo, hamu ya chakula imepungua au unaona kila jambo ni zito, nenda hospitali uonane na daktari kabla ya kwenda benki. Mtu asiyelala hupima hatari vibaya, na hilo halitibiwi na daftari.

Kuna mambo mengine ambayo ushauri wa maandishi hauwezi kuyamaliza. Mtafute mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, akae na vitabu vyako na kutenganisha hesabu za Ifakara na za duka mama, kwa sababu nina shaka kwamba vilichanganyika. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nayo hutoa mafunzo na ushauri kwa wajasiriamali. Kuhusu mkandarasi, mwone wakili ukiwa na ankara, hati za kupokelea mzigo zenye sahihi na ujumbe wa simu mlioandikiana, umwombe aandike barua ya madai na, ikiwezekana, apate hati ya makubaliano ya kulipa kwa awamu. Madai ya mkataba kwa kawaida yana ukomo wa miaka 6 kisheria, lakini kadiri unavyochelewa ndivyo ushahidi unavyopotea na ndivyo wadai wengine wanavyokutangulia. Na siku utakapofikia kuzungumza na benki kuhusu nyumba, mchukue mke wako mwende pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na ridhaa hiyo aitoe baada ya kuiona hesabu ya jaribio la Dodoma, ikiwa imeandikwa pamoja na tarehe yake.